Siku Niliyokataa Kufa

Nilikuwa nimelala chali katikati ya uwanja wa shule, macho nimeyafumba, kanga imenifunika kuanzia utosini hadi vidoleni. Nilikuwa maiti. Jua la mchana lilipenya kanga ile na kuifanya dunia yangu yote iwe nyekundu. Kijiwe kilinichoma chini ya bega, lakini maiti hajisogezi. Karibu na kichwa changu mzee Malongo alipiga ngoma ya msiba, polepole, na wenzetu wa kikundi walikuwa wamepiga magoti kunizunguka, wakilia kile kilio cha kuigiza ambacho watu wa Nyabusozi walikuwa wamekizoea kiasi kwamba hata watoto walikilia kwa mzaha wakichunga mbuzi.

Kisha wimbo ukaanza. Wimbo mpya, ule wa kulishukuru gari.

Na ngoma ya Malongo ikanyamaza.

Sauti mbili tatu ziliendelea kuimba, zikapapasa hewani kama mtu aliyekosa ngazi, nazo zikafifia. Nikasikia turubai la wageni likipigwa na upepo. Nikasikia mtoto akikohoa. Kisha nikasikia viatu vya Pius vikija juu ya changarawe, na sauti yake ya chini, ile aliyoitumia akitaka kutisha bila kusikika na wengi: "Mzee, piga. Piga ngoma."

Malongo hakupiga.

Kikundi chetu kilikuwa kimeanzishwa na shirika moja lililokuja kuhangaika na ukimwi katika vijiji vyetu. Pius ndiye aliyekuwa mratibu wake. Alikuwa kijana mcheshi, mwepesi wa kukumbuka majina ya watoto wa watu, na sitasema leo kwamba alikuwa na roho mbaya. Alitukusanya sisi tuliokuwa tukitumia dawa za virusi, akatuambia tutaigiza, na igizo akaliandika mwenyewe. Lilimhusu mwanamke aitwaye Sikujua, aliyekimbilia kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na mafuta mazuri na ugonjwa, akafa. Mimi ndiye niliyekuwa Sikujua. Tuliigiza Nemba, tukaigiza Nyabusozi, tukaigiza kila mahali shirika lilipotupeleka, na kila mahali nilikufa kwa kosa langu mwenyewe.

Kijijini tulijulikana kama waigizaji tu. Wa kushuku walishuku, lakini kushuku si kujua, na mtu anaweza kuishi miaka mingi katika upenyo ulio kati ya hayo mawili. Mimi niliishi humo. Mume wangu Desderius alikuwa amefariki, na nyumbani kwetu ilisemwa kwamba kilichomuua ni kifua. Nilibaki na binti yetu Keza na mama mkwe wangu, Francisca, mwanamke mrefu, mkavu, aliyesali rozari kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Ukoo wao ulitoka Ngara kama mimi. Mimi ni mzaliwa wa Murukulazo, lakini huko kaka zangu walikwishagawana shamba, na hakuna aliyeacha mahali pa dada kurudi. Nilijua kwamba siku mama Francisca atakapojua, naweza kufungasha nguo zangu na nisijue niende wapi. Na Keza angebaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo.

Kila mwezi gari jeupe la shirika lilikuja na nesi na dawa. Liliegeshwa nyuma ya ghala la shule, kwenye mikaratusi, na sisi tulifika mmoja mmoja, huyu na ndoo, yule na jembe, kama watu waliokuwa wakipita tu.

Katika kikundi rafiki yangu alikuwa Nyamizi, binti yake Malongo. Wao ni Wasukuma, walihamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao Nyamizi akiwa bado anabebwa mgongoni. Malongo alikuwa mtunzi wa nyimbo za kulimia, mzee wa maneno machache na mikono mikubwa. Binti yake hakufanana naye hata kidogo. Katika igizo Nyamizi alikuwa jirani mmbea, na alipojitokeza uwanjani akiwa amejifunga kitenge vibaya, watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Nilipokuwa maiti alipenda kuniinamia kana kwamba analia, aninong'oneze kupitia kanga: "Marehemu, mguu wako mchafu." Mara ngapi nimekufa huku nauma ulimi nisicheke!

Kisha ukaja mwaka ambao gari halikuja.

Mwanzo tulisema barabara imeharibika, maana mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Mwezi uliofuata tukasema nesi anaumwa. Baadaye hatukusema kitu. Tulikutana kwenye mikaratusi, tukasimama, tukaangalia njia, tukatawanyika. Pius alipopigiwa simu alijibu kwamba lipo njiani. Pale kijijini zahanati ilikuwepo, lakini dawa zetu hazikuwekwa pale. Ilikuwa lazima kwenda mjini Biharamulo, na kwenda mjini ni bodaboda, na bodaboda ni kuku, kisha mbuzi, kisha mahindi ya mbegu. Mimi niliuza kuku nikaenda, nikamwambia mama mkwe naenda kutafuta sare ya Keza. Nyamizi alikuwa na mtoto anayenyonya na mume aliyekuwa amekwisha ondoka. Alikwenda mara moja. Mara ya pili daraja lilikuwa limezolewa na maji, akarudi na mtoto mgongoni, wote wawili wameloa.

"Gari litakuja," aliniambia akikamua kitenge chake. "Haliwezi kutuacha hivihivi. Sisi ndio wasanii wao."

Alicheka alipolisema hilo. Mahindi yalipoanza kukauka shambani, alikuwa hawezi kusimama bila kushika ukuta. Malongo alimbeba hadi hospitali kwenye baiskeli, akiisukuma, binti amefungwa kwa kanga kwenye kiti cha nyuma asidondoke. Alimrudisha kwa namna hiyohiyo, lakini amefunikwa.

Msibani watu walisema amerogwa. Wengine walitaja jina la mwanamke aliyegombania naye bwana. Malongo alikaa kwenye kigoda akayasikiliza yote, mikono yake mikubwa imelala juu ya magoti. Mtoto wa Nyamizi alibaki kwa bibi yake, akinyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko.

Ndipo Pius alipokuja, kwa pikipiki. Alitupa pole, akainamisha kichwa kwa muda unaostahili, kisha akatueleza kwamba wageni wanakuja, wawili kutoka ng'ambo na mama mmoja mkubwa kutoka makao makuu ya shirika. Wanataka kuona kazi inavyofanyika vijijini. Tutaigiza lilelile, ila mwishoni, Sikujua akishakufa, tuimbe wimbo mpya. Maneno alikuwa nayo tayari. Akatuimbia mwenyewe, akipiga vidole: gari letu latufikia, kila mwezi latufikia, asante wafadhili.

Tulikuwa tumekaa uani kwa Malongo. Hakuna aliyecheka.

"Gari lipi?" Malongo aliuliza.

"Mzee wangu, nakuelewa. Lakini nisikilize." Pius alichuchumaa mbele yake kwa heshima. "Hela zimepungua. Wenyewe wanaamua sasa wafunge wapi na wabakize wapi. Wakiona hapa pamelala, ndiyo basi. Wakiondoka wamefurahi, gari linarudi. Mimi nawatafutia uhai, siwatafutii wimbo."

Maneno yale yalitugawa. Wapo waliosema tuimbe, wimbo haumwui mtu. Wapo waliosema huko ni kutema mate juu ya kaburi la Nyamizi. Mimi nilisema tuimbe. Nilikuwa nimebakiza vidonge vya siku chache, nina mtoto, na sikuona kwamba hasira ingenifikisha mjini. Malongo alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Nitapiga ngoma. Kuimba sitaimba." Tukaliacha hapo.

Lakini Pius alikuwa amenusa kitu. Alinisindikiza hadi njia panda akikokota pikipiki yake, na tulipofika penye mihogo akasimama.

"Dada Domisiana, wewe ndiye wanayekusikiliza. Hakikisha hakuna atakayebadilisha kitu."

"Mimi ni maiti tu, kaka Pius. Maiti hasemi."

Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye mchanga. "Mama mkwe wako hajambo? Yeye naye anaamini unaigiza?"

Nilichuma jani la muhogo nikalikunja.

"Sijasema kitu," alisema, akapanda pikipiki yake. "Nimekuuliza tu hali ya mama."

Nilibaki nimesimama kwenye mihogo hadi mlio wa pikipiki ukaisha. Kuanzia siku ile kila mama Francisca alipoita jina langu, nilimwangalia usoni kwanza kabla ya kuitika.

Siku ya wageni gari lilikuja. Limeoshwa, linang'aa, limejaa viti vya plastiki na vipaza sauti. Liliegeshwa mbele ya uwanja ambapo kila mtu angeliona. Watu walijaa, hata kutoka vijiji vya mbali, maana kulikuwa na muziki. Mama Francisca alikuja na wanawake wenzake wa jumuiya, akakaa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha sherehe. Hakuwa amewahi kuja kutazama igizo letu. Alisema ni mambo ya kihuni. Sikujua kilichomleta. Nilipomwona nilitamani ardhi inimeze kabla hata ya kufa kwangu.

Tukaigiza. Nafasi ya jirani mmbea ilichukuliwa na mwingine, na watu walicheka kwa adabu, kama wanaocheka kwa kumbukumbu. Nikaenda machimboni, nikarudi, nikakohoa, nikafa. Kanga ikanifunika. Wimbo ukaanza, na ngoma ikanyamaza.

"Piga ngoma, mzee," Pius alisema tena.

Sikumwona Malongo, lakini nilisikia pumzi yake. Ilikuwa nzito, ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Nikajua kwamba hakuwa amepanga. Alikuwa amekuja kupiga ngoma kama alivyoahidi, na mikono ilikuwa imekataa. Mzee aliyewahi kuimbisha mashamba mazima alikuwa amesimama mbele ya watu bila neno, na baada ya muda kidogo Pius angewasha muziki, watu wangeinuka, na siku ingekwisha hivyo.

Nikaitoa kanga usoni.

Watoto walipiga mayowe. Walio mbele wakarudi nyuma wakiangukiana, kisha wakaanza kucheka, wakidhani ni kipande kipya. Niliinuka nikakaa, kisha nikasimama. Mwanga ulinipofusha. Nilipoanza kuona, uso wa kwanza niliouona ni wa mama Francisca, na nikajua kwamba kama sitasema wakati namtazama yeye, sitasema kamwe.

"Sikujua hakufa," nilisema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia kwa nguvu. "Sikujua hakufa, kwa sababu hayupo. Mimi ni Domisiana, mke wa marehemu Desderius. Nina virusi. Siigizi. Ninavyo tangu Keza hajaanza shule, na mashamba yangu mnayaona, na mnanunua mihogo yangu. Sijaenda machimboni mimi. Siyajui yalipo."

Kicheko kilikuwa kimekatika kama kamba.

"Aliyekufa ni Nyamizi. Nyinyi mlimzika. Mnasema alirogwa. Hakurogwa. Dawa zilimwishia. Zilikuwa zinaletwa na gari lile pale," nikanyoosha mkono, na vichwa vyote vikageuka, "na gari lile halijakanyaga hapa tangu tupande mahindi. Leo limekuja kuleta viti."

Pius alikuwa amekwisha fika kwa wageni. Aliwainamia wale wawili wa ng'ambo akawaambia kitu kwa Kiingereza, haraka haraka, huku akitabasamu na kunionyesha kwa mkono. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Kisha wakapiga makofi.

Nimesikia matusi mengi maishani mwangu, lakini hakuna lililowahi kunichoma kama makofi yale. Nilikuwa nimevua kila kitu mbele ya kijiji, na wao walipewa kipande cha igizo. Nilimwona Pius akielekea kwenye mtambo wa muziki.

Hapo Malongo akapiga ngoma. Pigo moja, kubwa, la kumsimamisha mtu mahali alipo. Kisha akaiweka chini.

"Mimi ni baba yake Nyamizi," alisema. Basi.

Yule mama wa makao makuu hakuwa amepiga makofi. Alikuwa amekaa pembeni ya wageni, mkoba umelala mapajani, na wakati wote alikuwa akinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Alisimama. Alitoka kivulini akaja juani hadi mbele ya Malongo, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hili gari lilikuja lini mara ya mwisho? Kabla ya leo."

"Tulipokuwa tunapanda," Malongo alimjibu. "Sasa tumeshavuna."

Yule mama akageuka, akawaambia wale wageni kwa Kiingereza. Alisema taratibu, neno baada ya neno. Sikuelewa alichosema, lakini niliona mikono yao, iliyokuwa bado imekutana kwa makofi, ikiachana na kushuka.

Nilipoangalia tena mahali alipokuwa amekaa mama Francisca, hapakuwa na mtu. Wenzake walikuwa wametazama chini.

Mambo hayakuisha vizuri kama yanavyoishaga katika maigizo. Pius alihamishwa, nasikia yuko mkoa mwingine, na anaendelea na kazi. Gari lilirudi kwa miezi michache, kisha shirika likafunga virago kabisa, kwa kuwa hela kweli zilikuwa zimeisha, hilo hakutudanganya. Kikundi hatukukivunja, tuliendelea nacho wenyewe. Lakini watu wa Nyabusozi walikuwa wamesikia. Kwenye mkutano wa kijiji walisimama watu ambao hata si wagonjwa, wakauliza kwa nini dawa zisiwekwe kwenye zahanati yao. Wakauliza tena mkutano uliofuata, na uliofuata. Malongo alitunga wimbo wa kulimia, wenye jina la binti yake ndani, na watu walilima nao hadi viongozi walipouchoka. Siku hizi dawa zinatolewa hapahapa. Unakaa kwenye benchi pamoja na wenye malaria na wenye meno.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Jioni ile nilifika nikiwa nimejiandaa kukuta nguo zangu nje. Hazikuwa nje. Mama Francisca alikuwa anapika ugali, mgongo ameuelekeza mlangoni. Alinipakulia, akaweka sahani mbele yangu, akatoka. Tuliishi hivyo majuma mengi. Hakunifukuza na hakunisemesha. Alizungumza na Keza: mwambie mama yako chumvi imeisha, mwambie mama yako kesho kuna kupalilia. Rozari aliisali kimoyomoyo, na ukimya ule ulinitisha kuliko maneno. Wanawake wawili waliacha kununua mihogo yangu. Wengine walianza kununua zaidi, nao nikawaogopa vilevile. Kila asubuhi niliamka nikijiuliza kama ndiyo siku.

Siku yenyewe mimi na mama Francisca tulikuwa uani, tunapepeta maharage. Keza alikuwa shuleni.

"Desderius alijua?"

Nilikuwa sijaisikia sauti yake ikinielekea kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anaongea na mtu njiani.

"Alijua, mama."

Ungo wake ulipanda na kushuka. "Dawa alikuwa anakunywa?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ningeweza kumwambia kwamba ugonjwa ulikuwa umemzidi. Alikuwa mama mzee, na mwanawe alikuwa mmoja tu. Nilitazama mikono yake, nikaona kwamba jibu alikuwa nalo tayari, alitaka tu mtu wa kulibeba pamoja naye.

"Hakunywa. Nilimwomba sana. Alisema hakuna mahali pa kuziweka humu ndani ambapo usingeziona."

Ungo ukasimama. Maharage machache yalianguka chini, na kuku wakaja mbio. Hakuwafukuza. Alikaa hivyo, amenyoosha shingo, akitazama upande wa migomba ambako tulimzika, hadi kuku walipomaliza na kuondoka. Sikuthubutu kumgusa.

"Katika hilo igizo lenu," alisema mwishowe, "mgonjwa hana mama?"

"Hana, mama. Hatukumweka."

"Kwa nini?"

"Sijui. Hakuna aliyefikiria."

Aliinua tena ungo, akapepeta, akapuliza makapi. Alifanya hivyo mara kadhaa, hadi nikadhani mazungumzo yamekwisha.

"Mama Keza."

"Bee, mama."

"Mazoezi yenu ni siku gani?"